Kwani Uriri tulikubaliana lini kujitenga na Kenya?

MVUA ilitukuta steji ya Uriri wiki jana, kando ya ile barabara kuu inayoshuka Migori hadi Isebania. Tukajibanza kwenye kibanda cha mama wa chai: watu wa boda wanne, mzee mmoja aliyetoka Awendo kufuatilia malipo yake ya miwa, mama mwenyewe, na mimi na simu yangu yenye bando ya kuisha. Stori ikawa uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Ghafla jamaa mmoja wa boda akasema, tena bila kuinua macho kwenye kikombe: "Hii Kenya tungeachana nayo 2017. Saa hii tungekuwa na pasipoti yetu."

Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Walianza kubishana mpaka mvua ikaisha bila sisi kujua. Nilichogundua ni kwamba ndani ya kibanda hicho kidogo maoni yalikuwa karibu sawa na idadi ya vikombe.

Naandika kuhusu ubishi huo kwa sababu moja. Ukisoma watu mitandaoni, utadhani Luo Nyanza nzima ina sauti moja: ama sote tunataka kujitenga, ama sote tulishanunuliwa na serikali. Si kweli. Na kwa vile msimu wa siasa uko njiani, ni vizuri tujue tunabishania nini kabla mtu hajaja kutuuzia tena ramani mpya.

Tukumbushane kidogo, hasa wewe uliyekuwa shule ya msingi wakati huo. Agosti 8, 2017 tulipiga kura. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Raila Odinga akajiondoa kwenye marudio ya Oktoba 26, akisema tume haijabadilika. Siku yenyewe ilipofika, katika sehemu kubwa ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura haikupigwa. Tume ikasogeza tarehe hadi Oktoba 28, halafu ikaahirisha tena. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 98, sisi wa huku tukiwa nje ya hesabu.

Hapo ndipo neno "kujitenga" lilitoka kwenye vibanda vya chai likaingia kwenye karatasi. Mwanauchumi David Ndii, ambaye Machi 2016 alikuwa ameandika gazetini akiifananisha Kenya na ndoa ya mateso inayohitaji talaka, akawa mstari wa mbele. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaandaa mswada wa kuigawanya nchi. Kule Pwani, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi wakatangaza kwamba na wao wanatafuta njia ya kisheria ya kutoka. Januari 30, 2018, Raila akala kiapo Uhuru Park kama rais wa wananchi.

Mimi nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu. Niliweka kwenye WhatsApp yangu picha ya ramani ya Kenya iliyokatwa vipande viwili, nikajiona mwanamapinduzi. Kisha Machi 9, 2018 ikaja handisheki pale Harambee House, na ramani yangu ikabaki yatima. Niliitoa usiku, kimyakimya, kama mtu anayeondoa nguo za aibu kwenye kamba.

Sasa turudi kibandani.

Jamaa wa pasipoti si mlevi na si mjinga. Ukimsikiliza, yeye anapiga hesabu. Julai 5, 1969, Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi. Oktoba 25 mwaka huohuo, Mzee Jomo Kenyatta akaja Kisumu kufungua hospitali, wakarushiana maneno na Jaramogi Oginga Odinga, na watu wakauawa kwa risasi za walinzi. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Februari 1990, Waziri Robert Ouko akapatikana ameuawa. 2007 na 2008 kila mtu anajua. Agosti 2017, Baby Pendo, mtoto wa miezi 6, akapigwa na polisi ndani ya nyumba yao Kisumu na akafa. "Ongeza hizo zote," jamaa akasema, "halafu uniambie tunangoja jibu gani tofauti."

Mimi sikuwa na jibu. Na naomba wewe unayesoma ukiwa mahali ambapo uchaguzi ni siku ya mapumziko tu usimcheke. Anayetaka kutoka kwenye nyumba mara nyingi ndiye aliyelala karibu na moto.

Mzee wa miwa ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa mambo ya dala. Kwetu kijana hukaa kwanza kwenye simba, kibanda chake ndani ya boma la baba. Akiwa tayari kuwa na dala lake, hatoki usiku akikimbia. Anatoka asubuhi na baba yake, wamebeba jogoo, shoka na moto, na baba ndiye anayemwonyesha mahali. "Wanangu," mzee akasema, "kijana akitoka kwa hasira bila baba, hapo alipoenda hapaitwi dala. Panaitwa kichakani."

"Na baba akikataa, jaduong'?" jamaa akauliza. "Akikataa miaka sitini?"

Mzee akanywa chai kwanza. Halafu akasema kitu ambacho vijana wengi hatukijui: hii nchi hatukualikwa ndani yake kama wageni. Jaramogi ndiye aliyesimama akataka Kenyatta aachiliwe wakati wengine waliogopa hata kutaja jina lake. KANU ya Jaramogi na Mboya ndiyo iliyopinga majimbo, ikataka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Mboya alikuwa waziri wa masuala ya katiba wakati majimbo yalipokuwa yakivunjwa, na ilipofika Desemba 12, 1964 Kenya ikawa jamhuri, Jaramogi makamu wa rais. Kwa mzee huyu, kujitenga ni kumwachia mtu mwingine nyumba uliyoichimbia msingi. Yeye hataki kutoka. Anataka chumba chake.

Jamaa wa tatu, yule mwenye nduthi mpya ya mkopo, alisema wote wawili wanapoteza muda. Yeye hataki bendera, anataka pesa zikae huku. Na hapo kuna historia inayochekesha kwa uchungu: majimbo ambayo viongozi wetu walisaidia kuzika 1964 ndiyo haohao watoto wao walikuja kuomba wakati wa kampeni za 2007, na tukapata mdogo wake, ugatuzi, kwenye Katiba ya 2010. Leo Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti yetu ya Migori hupata mgao wa zaidi ya Sh8 bilioni kwa mwaka. Mapato tunayokusanya wenyewe hayafiki hata Sh1 bilioni.

Hesabu hiyo ilizua vita kibandani. Jamaa wa pasipoti akasema inathibitisha tunavyonyimwa: miwa yetu, dhahabu yetu ya Migori, samaki wetu, kodi yote inapanda Nairobi halafu tunarudishiwa makombo. Jamaa wa nduthi akasema inathibitisha kinyume: nchi mpya ingeamka Jumatatu bila mishahara ya wauguzi. Ukweli ni kwamba wote wawili wana kipande. Kodi nyingi hulipiwa mahali ofisi kuu ya kampuni ilipo, si mahali jasho lilipotoka, kwa hivyo hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika Uriri inachangia kiasi gani. Lakini angalia pia Sony. Kiwanda hiki kilicho hapo Awendo, serikali kuu ilikikodisha mwaka 2025 pamoja na vingine vitatu kwa miaka 30. Uamuzi wa kitu tunachokiita chetu ulifanywa Nairobi. Bendera haiwezi kubadilisha hilo kama hujabadilisha nani anaweka saini.

Mimi mwenyewe usidhani natetea Kenya kwa sababu imenibeba. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikarudi nyumbani na begi moja na neno la siri la blogu. Nimekaa kwenye ubaraza wa mama yangu nikijiuliza kama ningezaliwa kaunti nyingine ningekuwa nimemaliza. Kwa hivyo naelewa kwa nini neno "kutoka" lina utamu. Lina utamu hata kabla hujajua unatoka kwenda wapi.

Lakini aliyetunyamazisha sote ni mama wa chai.

Mama huyu ni Mmaragoli. Familia yake iko Uriri tangu kabla yeye hajazaliwa, kama familia nyingi za Waluhya walionunua mashamba hapa miongo mingi iliyopita. Dholuo anaongea kuniliko. Alikuwa anakoroga chai tu, hasemi kitu, mpaka akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na sisi mtatuweka wapi? Huo mpaka wenu unapita mbele ya jiko langu ama nyuma?"

Hakuna aliyejibu. Jamaa wa pasipoti alisema, "Aah, mama, wewe ni wetu," na mama akasema, "Najua. Nauliza karatasi itasemaje."

Nimenunua chai kwa mama huyo tangu nikiwa shule ya msingi. Ile ramani niliyoweka kwenye WhatsApp 2017 ilimkata yeye vipande viwili, na sikuwahi hata kumfikiria. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa sababu kaunti yenyewe ndivyo ilivyo. Mashariki kuna Wakuria, ambao kwenye chaguzi kadhaa wamepiga kura tofauti na Waluo na ambao ndugu zao wako Tarime, Tanzania. Mji wa Migori una Wakisii, Waluhya na Wasomali wenye maduka ya miaka mingi. Na Waluo wenyewe hatuishi ndani ya mstari mmoja: kuna wenzetu wa Rorya kule Mara, na ndugu wa lugha kule Tororo, Uganda. Kwa taarifa yako, sehemu hii yote ya ziwa ilikuwa ndani ya mamlaka ya Uganda mpaka mwaka 1902, Waingereza walipoihamishia upande wa Kenya kwa kalamu. Hakuna babu yetu aliyeulizwa. Sasa sisi tunataka kuchora mstari mwingine, na cha kwanza tulichofanya ni kusahau kumuuliza mama wa chai. Tumejifunza vizuri kutoka kwa Mwingereza.

Hili la kutoulizana si letu peke yetu. Pwani, kabla ya uhuru, kulikuwa na vuguvugu la Mwambao lililotaka ule ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar usiingizwe Kenya. Wengi waliolisukuma walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini. Ronald Ngala na viongozi wengi wa Mijikenda walikataa, wakataka majimbo ndani ya Kenya, kwa sababu waliogopa uhuru wa Mwambao ungewarudisha chini ya watu waliochukua ardhi yao. Pwani moja, historia moja, majibu mawili. Miaka karibu hamsini baadaye MRC ikafufua kilio hicho kwa msemo wa "Pwani si Kenya". Serikali ikaipiga marufuku 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku hiyo Julai 2012. Ardhi iliyowafanya watu wapige kelele bado haijamalizwa.

Na wale waliofanikiwa kutoka? Januari 2011 wananchi wa Sudan Kusini walipiga kura, na karibu asilimia 99 wakasema tutoke. Hakuna aliye na haki ya kuwaambia walikosea, baada ya vita vya miaka yote ile. Lakini nchi ilizaliwa Julai 9, 2011, na Desemba 2013 wenyewe kwa wenyewe walianza kuuana. Adui wa pamoja alipoondoka, iligundulika kwamba swali la nani anagawa na nani anagawiwa lilikuwa halijajibiwa. Lilikuwa limefunikwa tu na bendera.

Kisheria pia njia si ile tuliyoambiwa kwenye mikutano. Katiba yetu haina mlango ulioandikwa "kutoka". Kubadilisha eneo la Kenya ni miongoni mwa mambo ambayo lazima yapitie kura ya maamuzi ya nchi nzima chini ya kifungu cha 255: angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti, na wengi wakubali. Maana yake Uriri haiwezi kutoka mpaka Turkana, Kwale na Nyeri wapige kura. Na Kenya nzima yenye kaunti 47 bado inavutana na Uganda kuhusu Migingo, kisiwa cha chini ya ekari moja hapo karibu na Muhuru Bay. Jiulize nchi mpya ya ziwani ingeongea na Kampala kwa sauti gani.

Sasa nifike kwa jambo ambalo nadhani tunapaswa kulibeba hadi 2027.

Angalia walioshika kipaza sauti wakati ule wako wapi. David Ndii, mtu wa talaka, tangu 2022 ni mwenyekiti wa Baraza la Washauri wa Uchumi la Rais William Ruto. Amason Kingi aliyetaka Pwani itoke akawa Spika wa Seneti mwaka huohuo. Hassan Joho akaapishwa waziri Agosti 2024. Sisemi walifanya dhambi. Mtu ana haki ya kubadilisha mawazo, na pengine walidhani wakiwa ndani watarekebisha. Ninachosema ni hiki: kwao, kutishia kutoka kuliishia kuwa kubisha hodi. Mlango ukafunguka, wakaingia. Mimi na jamaa wa pasipoti tulibaki barazani, tukidhani wametangulia kutafuta lori la kuhamisha vyombo.

Kitu kingine kilitokea Juni 2024. Vijana walipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hawakutoka Kisumu peke yake. Walitoka Mombasa, Eldoret, Nakuru, hata Nyeri. Hakuna aliyetaka kutoka Kenya. Walitaka kuingia, tena hadi ndani ya Bunge. Na Juni 2025, Albert Ojwang alipokamatwa Homa Bay, akapelekwa Nairobi na akafia mikononi mwa polisi, waliolia na kuandamana hawakuwa Waluo tu. 1969 tulizika peke yetu. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko handisheki yoyote.

Jamaa wa pasipoti hakukubali nilipomwambia hivyo. Alisema: "Omera, wameandamana na wewe, sawa. Kura yako je, watailinda na wewe?" Hilo ni swali la haki, na jibu lake litaonekana 2027, si leo. Raila hayupo tena, tulimzika Bondo Oktoba 2025. Chama chake kiko ndani ya Serikali Jumuishi. John Mbadi wa Homa Bay ndiye anayeshika hazina ya nchi. Wengine huku wanasema hatimaye tumepata chumba. Wengine wanasema tumepewa mkeka wa mgeni. Ikiwa kura ya 2027 itachafuliwa, ndugu zangu, ile ramani iliyokatwa itarudi kwenye simu za watoto walio na miaka 17 leo, na hatutakuwa na uso wa kuwakemea.

Msimamo wangu, kwa vile umefika mpaka hapa: sitaki tutoke. Lakini sitaki pia kuambiwa nikae kimya kwa sababu nimebaki. Anayekaa kwenye nyumba kwa hiari ana haki ya kudai paa lisivuje, zaidi hata ya yule anayetishia kuhama kila masika.

Na mwanasiasa akija tena na neno "kujitenga", tumuulize mambo matatu kabla ya kupiga makofi. Mpaka unapita wapi, kijiji kwa kijiji? Nani atapiga kura kuamua, sisi tu ama pia majirani tunaoishi nao? Na wewe mheshimiwa, ukipewa wizara kesho, sisi tuendelee ama turudi nyumbani?

Mvua ilipoisha, jamaa wa pasipoti alipata abiria wa kwenda Migori. Kabla hajawasha, alirudi kulipa chai. Ilikuwa Sh20. Akatoa Sh50, akamwambia mama abaki na chenji. Mama akamrudishia Sh30 zake zote, akamwambia: "Weka. Utalipia pasipoti."

Tulicheka sote, hata yeye. Halafu akaenda na abiria wake, na mimi nikabaki nikiangalia barabara inayoelekea mpakani.